Selimundu na Masomo: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu

Selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita, ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni takribani watoto 11,000 kila mwaka. Watu wanaujua kwa maumivu ya mifupa, macho ya manjano na upungufu wa damu. Wachache wanajua kwamba unaugusa pia ubongo, na kwamba dalili zake za huko zinaweza kuonekana kwenye daftari la shule kabla mtu yeyote hajaziona kliniki. Mtoto aliyekuwa akifanya vizuri darasa la pili, kisha akaanza kuporomoka darasa la nne, huenda hajawa mvivu hata kidogo. Huenda sehemu ya ubongo wake imekosa oksijeni, na hakuna aliyemwuliza daktari.

Damu inavyouathiri ubongo

Kazi ya kubeba oksijeni mwilini hufanywa na himoglobini, protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa wa selimundu si sawa na ya watu wengine. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akagundua kuwa tofauti yote inatokana na asidi amino moja iliyobadilika. Kwa badiliko hilo dogo, himoglobini hushikamana kila inapoachia oksijeni, na chembe iliyokuwa laini na ya mviringo hukakamaa na kujipinda kama mundu. Chembe hizo hukwama katika mishipa myembamba na hufa mapema: wakati chembe ya kawaida huishi takribani siku 120, ya selimundu huishi kati ya siku 10 na 20 tu.

Hivyo mtoto huyu ana upungufu wa damu siku zote, hata siku anazocheza na kucheka. Himoglobini yake mara nyingi huwa kati ya gramu 6 na 9 kwa desilita, ilhali mtoto asiye na ugonjwa hutarajiwa kuwa na 11 au zaidi. Ubongo hufidia pungufu hilo kwa kupokea damu nyingi zaidi na kwa kasi zaidi. Lakini fidia hiyo ina kikomo. Inapokuja homa kali, malaria au nimonia, au damu inaposhuka ghafla, zile sehemu zinazofikiwa na mishipa kwa tabu, hasa upande wa mbele wa ubongo, hukosa oksijeni na kubaki na makovu madogo.

Madaktari huyaita makovu hayo kiharusi kimya. Mdomo haupindi, mkono haulegei, na mtoto huamka asubuhi akaenda shule. Picha ya MRI ndiyo pekee inayoyaonyesha. Tafiti za watoto wenye aina kali ya ugonjwa, yaani SS, zimekuta makovu hayo kwa takribani mtoto 1 kati ya 4 kabla ya kutimiza miaka 6, na kwa zaidi ya 1 kati ya 3 kufikia miaka 14. Juu ya hao wapo wanaopata kiharusi cha wazi: pasipo kinga, ni takribani mtu 1 kati ya 10 kabla ya umri wa miaka 20.

Upande wa mbele wa ubongo ndio unaosimamia umakini, kumbukumbu ya muda mfupi, kasi ya kufikiri na upangaji wa kazi. Ndiyo maana mtoto anaweza kuongea vizuri, kuimba kaswida zote na kukumbuka majina ya mtaa mzima, kisha akashindwa kushika maagizo matatu yaliyotolewa kwa mpigo.

Sehemu kubwa ya ushahidi huu ilipatikana Marekani, kwa watoto wa jamii ya Wamarekani weusi, ambako mtoto 1 kati ya 365 huzaliwa na selimundu. Afrika Mashariki imeongeza ushahidi wake kupitia watafiti wa Kilifi nchini Kenya na wa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako kundi kubwa la wagonjwa limekuwa likifuatiliwa tangu mwaka 2004 katika kazi iliyoanzishwa na Profesa Julie Makani.

Jambo moja kutoka tafiti za Marekani linastahili kuzingatiwa na kila mzazi. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, watoto wenye kovu la kiharusi kimya walikuwa chini kwa takribani alama 5 katika kipimo cha akili. Lakini elimu ya mkuu wa kaya nayo iliambatana na tofauti ya takribani alama 6. Maana yake ni kwamba anachokipata mtoto nyumbani, yaani vitabu, mazungumzo na mtu wa kukaa naye akisoma, kina uzito usiopungua ule wa kovu lenyewe. Kovu halifutiki, lakini nyumba inaweza kubadilika.

Kwanza, kuwa na uhakika wa kipimo

Familia nyingi huishi miaka na jibu lisilokamilika. Kipimo cha kawaida katika vituo vingi huonyesha tu kuwa chembe zinaweza kujipinda; hakitenganishi mgonjwa (SS) na mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu (AS). Wa pili kwa kawaida haumwi selimundu, na kinasaba hicho humkinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kwa utafiti wake wa Afrika Mashariki. Mwenye AS akifeli darasani, sababu itafutwe kwingine.

Hatua za kufuata:

1. Kiombwe kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini, au kipimo cha haraka chenye uwezo wa kutofautisha AS na SS. Kama kituo cha karibu hakina, iombwe rufaa.
2. Mhudumu aelezwe kama mtoto ameongezewa damu katika miezi 3 iliyopita, kwa sababu damu ya mtu mwingine huvuruga jibu.
3. Jibu liandikwe wazi kwenye kadi ya kliniki, na nakala ihifadhiwe nyumbani.
4. Ndugu wa tumbo moja wapimwe pia. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kumpata mtoto mgonjwa. Hesabu hiyo huanza upya kila mimba. Kuzaliwa kwa mgonjwa mmoja hakumkingi anayefuata.

Hakuna upande wa ukoo unaobeba lawama peke yake. Mtoto wa SS amepokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, na nyumba nyingi zingenusurika kuvunjika kama jambo hili lingeelezwa na mhudumu siku ileile jibu linapotolewa.

Dalili za kuangaliwa darasani na nyumbani

Mwalimu wa darasa yuko katika nafasi nzuri kuliko daktari ya kuona mabadiliko, kwa kuwa anamwona mtoto kila siku pamoja na wenzake wa rika moja. Dalili zenye uzito ni hizi:

- anachelewa kunakili ubaoni, na daftari lake lina sentensi zilizokatika katikati;
- anajibu vizuri kwa mdomo lakini mtihani wa kuandika haumalizi;
- anatumwa vitu viwili dukani na kurudi na kimoja;
- anaanza hesabu ya hatua nyingi kwa usahihi kisha anapotea njiani;
- alama zimeshuka muhula huu kuliko uliopita bila sababu inayojulikana;
- anasinzia darasani, au anakoroma sana usiku;
- mwandiko umebadilika, au ameanza kutumia mkono mwingine.

Dalili ya mwisho haingoji. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ya kukoroma nayo hupuuzwa mno. Mafindofindo makubwa yanaweza kuziba hewa usingizini na kushusha oksijeni usiku kucha, na hilo kwa mtoto wa selimundu ni hatari maradufu.

Si kila anguko la masomo ni kovu la ubongo. Mtoto anayelazwa mara kwa mara anakosa vipindi, anayeumwa usiku halali, na anayechekwa kwa macho ya manjano au kwa kukojoa kitandani hapendi kwenda shule. Macho yasiyoona vizuri nayo yapo. Kwa hiyo uchunguzi hufuata mpangilio, kuanzia rahisi kwenda kwa gumu:

1. Mwalimu aandike kwa wiki 2 hivi anachokiona: somo, kazi, muda uliotumika, kosa lililotokea. Maelezo kama "hazingatii" hayamsaidii daktari.
2. Zihesabiwe siku za utoro wa ugonjwa katika muhula. Kama mada iliyofeliwa ni ileile iliyofundishwa mtoto akiwa wodini, tiba yake ni kufundishwa tena.
3. Mtoto apimwe macho na masikio.
4. Karatasi ya mwalimu ipelekwe kliniki ya selimundu, na daktari aulizwe waziwazi: je, anguko hili linaweza kuwa la ubongo?
5. Daktari aamue kama MRI inahitajika. Ni ghali na haipatikani kila mkoa, lakini kukosekana kwake kusizuie msaada wa darasani, ambao hauhitaji picha yoyote.

Kuulinda ubongo

Kipimo chenye manufaa makubwa ni altrasaundi ya kichwa inayopima kasi ya damu katika mishipa mikubwa ya ubongo. Hakina sindano wala maumivu. Kinashauriwa kila mwaka kwa watoto wa SS wenye miaka 2 hadi 16, na matokeo yake husomwa hivi: chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni kawaida; 170 hadi 199 ni ya kufuatiliwa kwa karibu; 200 na kuendelea ni hatari kubwa ya kiharusi. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa watoto wa kundi hilo la mwisho wakiongezewa damu kila mwezi, hatari ya kiharusi cha kwanza hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2014 ikaonekana kuwa kuongezewa damu hupunguza pia makovu mapya kwa wale ambao tayari wana kiharusi kimya.

Kuongezewa damu kila mwezi ni mzigo mzito mahali ambapo benki za damu huishiwa. Hapo ndipo umuhimu wa haidroksiyurea unapoonekana. Dawa hii huongeza himoglobini ya kijusi, ambayo huzuia chembe kujipinda, na hushusha kasi ya damu kichwani. Utafiti uliofanywa Uganda, Kenya, Kongo na Angola, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa watoto waliotumia dawa hii walipungukiwa na maumivu, na haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vilipungua pia. Ni dawa ya kila siku na huhitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara, kwa sababu dozi ikizidi hushusha chembe nyeupe. Haigawanwi kati ya ndugu, wala haiachwi kwa kuwa mtoto "amepona".

Mengine ni ya msingi lakini ndiyo yanayookoa: penisilini ya kila siku kuanzia umri wa miezi 2 hadi angalau miaka 5, chanjo zote, kinga ya malaria kama kliniki inavyoelekeza pamoja na chandarua chenye dawa, asidi ya foliki, na maji ya kutosha.

SANDUKU LA TAHADHARI: si ya kusubiri kesho

Mtoto mwenye selimundu afikishwe hospitali mara moja akiwa na mojawapo ya haya, na sanduku hili libandikwe ofisi ya walimu:

- homa ya nyuzi 38 au zaidi;
- mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, maneno kutotoka, degedege, au kichwa kuuma ghafla na vikali;
- kifua kuuma au kupumua kwa shida;
- weupe wa ghafla wa viganja na ulimi, au tumbo kuvimba upande wa kushoto (bandama imevuta damu);
- maumivu yasiyotulia kwa dawa za nyumbani;
- kwa mvulana, uume kusimama kwa maumivu kwa zaidi ya saa 2.

Ulegevu uliokuja na kuondoka wenyewe ndani ya dakika chache bado ni dharura.

Makubaliano na shule

Shule nyingi hupata habari za ugonjwa siku mtoto anapoanguka mstarini. Inafaa mzazi awahi, wiki ya kwanza ya muhula, akiwa na barua ya kliniki na namba mbili za simu. Mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na mwalimu wa michezo wote wajue. Yafuatayo ndiyo ya kukubaliana, na kila moja lina sababu yake.

*Maji na choo.* Figo za mtoto wa selimundu hushindwa kubana mkojo, hivyo hukojoa mara nyingi na kukaukiwa haraka. Awe na chupa yake ya maji mezani na ruhusa ya kutoka bila kuomba kila mara.

*Baridi, jua na mchakamchaka.* Baridi na uchovu mkali huamsha maumivu. Avae sweta asubuhi hata kama si sare rasmi, asimwagiliwe maji, na kwenye mazoezi apumzike anapohisi kuchoka. Kumzuia michezo yote si lazima. Mchezo mwepesi unamfaa mwili na moyo.

*Adhabu.* Kuchapwa, kupigishwa magoti juani au kubebeshwa ndoo za maji kunaweza kumpeleka wodini. Hakuna somo linalofundishwa hivyo, na kwa mtoto huyu gharama yake inaweza kuwa uhai.

*Muda na namna ya kazi.* Apewe muda wa ziada kwenye majaribio, akae mbele, apewe maagizo moja baada ya jingine, na kazi ndefu zigawanywe. Badala ya kunakili ubao mzima, apewe maandishi ya mwalimu au daftari la mwenzake. Hesabu 10 zilizofanywa kwa utulivu zinampima sawasawa na 30 za haraka. Kuhusu mitihani ya taifa, mzazi aulize shule mwanzoni mwa mwaka wa mtihani kuhusu utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Ombi la wiki ya mwisho hukwama.

*Siku za kulazwa.* Achaguliwe mwanafunzi mmoja wa kumwekea kazi za kila siku, na mwalimu atenge nafasi ya kufidia mada mbili tatu muhimu atakaporudi, bila kudai kila zoezi lililompita.

Familia za Waswahili zilizohamia Marekani zina nyenzo ya ziada: kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 kinailazimu shule inayopokea fedha za serikali kuu kumwekea mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu marekebisho ya namna hii. Mzazi ndiye wa kuomba, na anaweza kuomba mkalimani.

Kusoma nyumbani kwa akili yenye kasi ndogo

Utafiti wa kujifunza unatoa mbinu zinazomfaa mtoto yeyote, na mtoto wa selimundu zaidi. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kuwa kinachorudiwa kwa kuachiana siku hukaa kichwani kuliko kinachokaririwa kwa mkupuo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wakaonyesha kuwa mwanafunzi anayefunga kitabu na kujaribu kukumbuka alichosoma huhifadhi mengi zaidi baada ya wiki kuliko anayekisoma tena na tena.

Kwa vitendo, ratiba ya jioni inaweza kwenda hivi:

1. Mtoto apumzike, ale na anywe maji kwanza.
2. Asome dakika 15, somo moja, redio na televisheni vikiwa vimezimwa.
3. Afunge daftari na aeleze kwa maneno yake alichosoma. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza na kuuliza, "Halafu?" Hilo tu linatosha.
4. Apumzike dakika 5, kisha kipindi cha pili. Viwili vinatosha siku ya kawaida.
5. Baada ya siku 2, kisha wiki 1, aulizwe tena yaleyale bila kufungua daftari.
6. Hesabu za hatua nyingi ziandikiwe orodha ya hatua kwenye kadi, aifuate kwa kidole hadi aizoee.

Siku ya maumivu hakuna masomo. Siku ya pili ya nafuu, hadithi iliyosomwa kwa sauti na dada au kaka inatosha kumrudisha.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kumnyima mtoto shule kwa imani kwamba hatafika utu uzima. Imani hiyo ilitokana na miaka ambayo kinga hazikuwepo. Leo watu wenye selimundu wapo vyuoni, maofisini na wengine ni wazazi. Mtu asiyeweza kufanya kazi za sulubu anahitaji elimu kuliko ndugu zake, kwa hiyo ada yake isiwe ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua.

La pili ni dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma zinazonunuliwa dukani. Upungufu wa damu wa selimundu unatokana na chembe kufa mapema, na aliyeongezewa damu mara nyingi huenda ana chuma kupita kiasi. Zitumike tu daktari akishapima. La tatu ni barafu au maji baridi juu ya kiungo kinachouma. Kinachofaa ni joto la wastani, maji ya kunywa na dawa ya maumivu iliyoelekezwa. La nne ni kuacha kliniki kwa sababu mtoto hajaumwa miezi mingi, wakati kasi ya damu kichwani huweza kupanda bila maumivu yoyote. Na lipo la walimu: kumhurumia mtoto hadi kuacha kumfundisha. Anahitaji muda zaidi na maagizo mafupi, lakini mtaala ni uleule.

Mzazi ambaye mtoto wake wa SS ametimiza miaka 2 na hajawahi kupimwa kasi ya damu kichwani aulize kuhusu kipimo hicho katika hudhurio lijalo la kliniki, na aondoke na tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.